Hoteli ya mwaka 2032 haina chumvi

Nina kimgahawa cha meza sita hapa Tanga, kwa hiyo nimezoea kusemwa. Wali umeiva sana, mchuzi mwepesi, samaki mdogo. Leo zamu yangu kusema. Hoteli ninayotaka kuipa maksi haiko Ngamiani wala Raskazone. Iko ndani ya filamu, Demolition Man ya mwaka 1993, na humo ndani ya filamu mwaka ni 2032. Nimekula pale kwa macho tu, mara ya kwanza 1995, mara ya mwisho Jumamosi iliyopita, na hapo katikati imenigombanisha na mwanangu.

Nianze na ugomvi. Binti yangu wa pili anasoma mambo ya biashara na matangazo chuoni Dar es Salaam. Alikuja likizo, na jioni moja tukiwa tunachambua mchele akaniambia, "Baba, mwalimu katupa kazi. Tuandike kuhusu kampuni zinazoingiza bidhaa zao ndani ya filamu. Mimi nimechukua ile ya Stallone, ya Taco Bell."

Nikamwambia hiyo ya Taco Bell siijui. Kama anasema ile Stallone anayogandishwa kwenye barafu akaja kuamshwa miaka mingi baadaye, basi amekosea, hoteli yake ni Pizza Hut.

"Taco Bell, Baba."

"Mwanangu, filamu ile nimeiona kabla mama yako hajanikubali."

Akachukua simu, akanitafutia kipande. Yule dada askari, Sandra Bullock, anamweleza Stallone kwamba mikahawa ya chapa mbalimbali ilipigana vita, ukabaki mmoja tu, na sasa kila hoteli ni ya jina hilo. Nikamsikia kwa masikio yangu akisema Taco Bell. Midomo yake pia ikasema Taco Bell. Nikanyamaza nikarudi kwenye mchele. Usiku sikulala vizuri, maana nina miaka hamsini na moja na marehemu baba alianza kusahau akiwa na hamsini na tano.

Niwarudishe nyuma kidogo. Mwaka 1995 burudani yetu sisi vijana wa Ngamiani ilikuwa kibanda cha video. Chumba cha mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya kabati, deki imefungwa kwa mnyororo kama mbuzi, na jenereta nje kwa siku ambazo umeme umekwenda, yaani siku nyingi. Kiingilio shilingi hamsini. Mikanda mingi ililetwa kutoka Mombasa, imenakiliwa na kunakiliwa tena mpaka nyuso za watu zimekuwa kama zinaonekana chini ya maji. Mwenye kibanda alikuwa ndiye mtafsiri pia. Kiingereza chake kilikuwa cha bandarini, alichojifunza kwa mabaharia, na alisimama pembeni ya televisheni akitupigia hadithi kwa sauti kushinda jenereta. Stallone kwetu alikuwa Rambo, awe ameigiza bondia, askari au padri. Mpaka mifuko ya plastiki nchi hii tuliiita rambo, ikabaki na jina hilo mpaka serikali ilipoipiga marufuku Juni 2019. Hilo nalo ni tangazo ambalo hakuna aliyelilipia.

Sasa, Rambo akaalikwa chakula na mkubwa wa mji, Dakta Cocteau, na ndani ya gari yule dada akasema "Pizza Hut". Kibanda kizima kikamgeukia mtafsiri. Pizza Hut ndiyo nini? Akafikiri kidogo, akasema, "Hoteli ya mkate." Tukaridhika. Picha tuliyoipata ni kwamba mwaka 2032 Marekani itakuwa imefilisika, imebaki na hoteli za mkate peke yake, na Rambo ameletwa kuokoa jahazi.

Binti yangu ndiye aliyenifumbulia hadithi, siku mbili baada ya ule ugomvi, na nikapumua kwa kujua akili yangu bado nzima. Filamu ile ina sura mbili. Ya Marekani inasema Taco Bell. Kwa nchi nyingine kadhaa walitengeneza ya pili: sauti za waigizaji zikapachikwa maneno "Pizza Hut" palipokuwa na "Taco Bell", na nembo kwenye picha zikabadilishwa baada ya filamu kwisha kupigwa. Sababu inaeleweka. Taco Bell mwaka 1993 nje ya Marekani ilikuwa haijulikani sana, na mzaha wenyewe hauchekeshi kama jina hulijui. Pizza Hut ilikuwa imesambaa. Na soko la nje halikuwa dogo: filamu iliingiza kama dola milioni 58 Marekani, na zaidi ya milioni 100 kwingineko.

Kwa hiyo mahali fulani katika ofisi yenye kiyoyozi, mtu alikaa akafikiri juu yetu sisi watu wa nje, akasema Taco Bell hawataijua, tuwawekee wanayoijua. Tumshukuru kwa nia njema. Ila pale Ngamiani zote mbili zilikuwa sawa na jina la nyota. Angetuwekea "Mama Fulani wa Sokoni", tungecheka mpaka jenereta lizime.

Turudi hotelini. Nilikodi filamu kwenye huduma moja ya mtandaoni, sura ya Marekani, nikaikaza macho kama ninavyokagua jiko la mwenzangu. Nitaanza na mapokezi.

Mapokezi ni mazuri. Hili silifichi. Watu wamevaa majoho, mwanga wa kutuliza, sakafu inang'aa, kila mtu anamtakia mwenzake furaha. Hotelini kwangu ukikuta meza imepanguswa ujue una bahati. Mzaha wa kwanza ndio huo: mahali ambapo Mmarekani wa 1993 alikwenda na kaptura kula chakula cha kushika mkononi, ndani ya gari, kwa bei ya chini, sasa ndipo mkubwa wa mji anapomkaribisha mgeni wa heshima. Na ukitazama sura ya Pizza Hut mzaha unakolea kwa namna nyingine, maana binti yangu aliniambia "hut" ni kibanda. Wakubwa wa mwaka 2032 wamevaa majoho wanakwenda kula kibandani, na sisi tumekaa kibandani tunawatazama.

Muziki sikuuelewa 1995. Kuna bwana anapiga piano na kuimba kwa hisia, na watu wanasikiliza kama wanasikiliza taarabu ya zamani. Mtafsiri wetu alisema anaimba mapenzi. Kumbe anaimba tangazo la mboga za kopo! Katika mji ule nyimbo zinazopendwa ni vile vijiwimbo vya matangazo ya biashara ya karne iliyopita, na hata ndani ya gari askari wanaimba pamoja tangazo la soseji. Binti alicheka, mimi sikucheka sana. Mjukuu wangu ana miaka minne na wimbo wa kwanza aliouimba mpaka mwisho ni wa mtandao wa simu.

Sasa chakula. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo kazi yangu ilipo.

Sahani ni kubwa, chakula ni kiduchu. Vijipande vimepangwa kama vipuli vya bibi harusi dukani kwa sonara. Hakuna mvuke. Hakuna mchuzi unaotembea. Hakuna mtu anayelamba kidole. Rambo anaomba chumvi, anaambiwa chumvi haifai kwa afya, kwa hiyo ni kosa la jinai. Nilisimamisha filamu hapo. Katika mji huo sheria ni kwamba kisichokufaa kimepigwa marufuku: sigara, pombe, kahawa, nyama, chokoleti, matusi, na chakula chochote chenye ukali wa viungo.

Hebu hesabuni na mimi. Hii ni Taco Bell. Taco ni chakula cha watu wa Mexico: kimkate cha mahindi, nyama, pilipili. Ondoa nyama. Ondoa pilipili. Ondoa chumvi. Kimebaki nini? Limebaki jina juu ya mlango.

Na ndiyo maana waliweza kulibadilisha. Hili ndilo lililonifanya niandike. Walipotengeneza sura ya pili walibadilisha sauti, wakabadilisha nembo, lakini chakula mezani hawakukigusa. Sahani ni ileile. Vijipande ni vilevile. Huku vinaitwa vya Taco Bell, kule vinaitwa vya Pizza Hut, na kwa miaka hiyo yote mimi sikuwahi kujiuliza piza iko wapi. Nilitazama mara kumi na tano na zaidi! Jaribuni mchezo huo hapa kwetu. Mpelekee Mdigo bada na samaki wa kukaanga, mwambie hii ni pilau. Atakutazama kwanza usoni, halafu atauliza mganga wako ni nani. Chakula chenye utu wake kinakataa jina la bandia.

Kubadilisha jina kulikuwa rahisi kwa sababu nyingine pia, ya kifedha, na hii binti yangu aliieleza vizuri kuliko mwalimu wake, nadhani. Wakati ule Taco Bell na Pizza Hut zilikuwa za mwenye mali mmoja, PepsiCo. Aliinunua Pizza Hut 1977, Taco Bell 1978, halafu KFC 1986. Alikuja kuziachia zote tatu 1997 zikawa kampuni yao peke yao, ambayo leo inaitwa Yum! Brands. Kwa hiyo mwaka 1993 kubadilisha jina lilikuwa jambo la ndugu kuazimana kanga. Kwenye filamu wanatuambia kulikuwa na vita, na mshindi ni mmoja. Marekani ameshinda dada mdogo, kwetu ameshinda dada mkubwa, na mahari kachukua baba yuleyule.

Niongeze habari ya Glen Bell, mwanzilishi wa Taco Bell, kwa sababu wengi wanadhani hiyo "Bell" ni kengele tu kwa vile nembo yao ni kengele. Ni jina la mtu. Alikuwa na kibanda cha soseji huko San Bernardino, California, miaka ya mwisho ya 1940, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na mkahawa wa familia ya Kimexico, Mitla Cafe, uliofunguliwa 1937, uliokuwa ukiuza taco ngumu za kukaanga. Bwana Bell akawa anakwenda kula pale, anatazama, anajifunza. Mwaka 1962 akafungua Taco Bell ya kwanza mjini Downey. Mitla Cafe haikugeuka kuwa maelfu ya matawi. Naijua hadithi hii hata kabla ya kuambiwa. Kila mama lishe mwenye maandazi mazuri ameshaona mtu mwenye mtaji akija kunywa chai kwake asubuhi tatu mfululizo bila kusema neno.

Shikeni hapo hapo kwenye hadithi ya Bwana Bell, kwa sababu filamu inaigusa, sijui kama kwa makusudi.

Chini ya mji ule safi wanaishi watu waliokataa sheria zake. Wana njaa. Usiku ule wa chakula cha jioni wanapanda juu kuvamia chakula cha hoteli, Rambo anawapiga, halafu anagundua kwamba hawakuwa majambazi, walitaka kula tu. Baadaye anashuka kwao kwenye mashimo. Na huko chini, kati ya mabomba na moshi, kuna mwanamke anachoma nyama na kuuza baga. Anazungumza Kihispania. Rambo ananunua, anauma, anauliza ni nyama gani. Panya. Anatafuna kidogo, anafikiri, anasema si mbaya, tena ndiyo baga bora aliyokula kwa miaka.

Kibandani 1995 hapo ndipo watu walipopiga kelele kuliko kwenye mapigano yote. Mmoja alitoka nje kutema. Mimi nilikuwa bado si mpishi, nilikuwa nabeba mizigo stendi, lakini nakumbuka nilimeza mate. Sikumeza mate kwa ajili ya panya, naapa. Nilimeza kwa sababu ya moshi. Katika filamu nzima ndicho chakula pekee unachoweza kukisikia harufu. Kuna moto, kuna mafuta yanayodondoka, kuna mtu anayepika akimtazama mlaji usoni.

Tazama basi walivyopanga mambo. Juu kuna hoteli yenye jina la chakula cha Kimexico, isiyo na pilipili, isiyo na Mmexico anayeonekana jikoni. Chini shimoni kuna mama wa Kihispania mwenye jiko la kweli na hana jina lolote mlangoni, maana hana mlango. Kama mtu wa Taco Bell alikaa kwenye chumba cha maonyesho akalipitisha hilo bila kukohoa, basi ni mtu mwenye roho ngumu au alikuwa anaangalia nembo tu.

Maksi zangu: hoteli ya juu, nyota mbili, zote za usafi. Mama wa shimoni, nne. Ya tano nimembania kwa sababu ya panya, na kwa sababu Rambo alilazimika kuuliza. Mteja aambiwe kabla ya kuuma.

Choo siwezi kukipima. Wenzangu walioiona wanajua habari ya kombe tatu. Mwaka 2032 hakuna karatasi chooni, kuna kombe tatu za pwani zimepangwa juu ya kijirafu, na Rambo hajui zinatumikaje, na wanamcheka, na mpaka filamu inakwisha hatuambiwi. Wamarekani wamelijadili miaka thelathini. Sisi watu wa pwani kombe tumezaliwa nazo na hatukuwahi kuwa na wazo hilo. Kibandani swali lilikuwa moja tu: kopo la maji liko wapi?

Kama tangazo, je, lilifaa? Binti yangu alitaka jibu la hilo kwa ajili ya kazi yake na tulibishana tena, safari hii kwa heshima. Yeye anasema kampuni ilijiaibisha. Filamu inasema wazi kwamba siku zijazo zitakuwa mbaya, na dalili ya ubaya ni kwamba hakuna pa kula ila kwetu. Nani analipia kutukanwa hivyo? Mimi nasema aangalie filamu nyingine. Back to the Future Part II, ya 1989, ina piza ya Pizza Hut ndogo kama kitumbua, inaingizwa kwenye mashine na kutoka kubwa na ya moto kwa sekunde chache. The Fifth Element ya 1997 ina McDonald's ya karne ya 23, polisi wanapita kuchukua chakula dirishani na gari linaloruka. Humo kote wameonyesha wanauza, wanapendeza, basi. Ukitaja filamu hizo watu wanakumbuka magari. Ukitaja hii watu wanakumbuka hoteli. Ulimwengu umejaa matangazo yanayojisifu na hakuna anayeyasikiliza. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, tuliambiwa, na kila mtu akiona chakula kinajitembeza sana anafunga pochi. Hawa waliruhusu watu wawacheke, na anayekucheka keshakukumbuka.

Naye akanijibu kwa ushahidi ambao sikuwa nao, ila ulikuwa upande wangu: Julai 2018, filamu ikitimiza miaka ishirini na tano, Taco Bell wenyewe waliitengeneza hoteli ile kwa siku chache mjini San Diego, wakati wa lile kusanyiko kubwa la wapenzi wa filamu na vibonzo. Ndiyo, mzaha waliotaniwa nao wakaufungulia milango watu wakae wale.

"Waliweka chumvi?" nikamuuliza.

"Baba, we."

Lakini yapo nisiyoweza kuwasamehe, na ni ya kiufundi. Sura ya Pizza Hut imefanywa kwa haraka. Ukiijua ile ya Marekani huwezi tena kuitazama kwa amani: midomo inasema moja, sikio linasikia lingine, na sauti yenyewe inabadilika rangi pale jina linapotajwa kama redio inayohama stesheni. Kwa mkanda wetu ulionakiliwa mara saba hilo halikuonekana. Ubovu wa mkanda uliwaficha. Siku hizi picha ni safi na aibu iko wazi. Mtu ukiamua kumdanganya mlaji, angalau pika uongo uive.

Pizza Hut ilikuja kufika Dar nikiwa mtu mzima mwenye jiko langu. Binti alinipeleka. Nilikaa pale nimevaa shati la Ijumaa, piza ikaja ya moto, jibini ikivutika, chumvi ipo, pilipili ipo mezani. Nilikula vipande vitatu nikamwambia dada mhudumu asante. Taco Bell sijawahi kuila na kwetu haijafika. Kwa hiyo katika vita ile, kwa upande wa Tanga, mshindi ni yule aliyepachikwa baadaye.

Jumamosi iliyopita ndiyo nilitaka kuwasimulia. Mwenye kile kibanda bado yupo. Macho yamepungua nguvu, sasa anatengeneza redio na pasi kwenye kibaraza chake Barabara ya Kumi na Mbili. Nilikwenda na binti, tukamwamkia, nikamwuliza kama kuna mkanda wowote uliobaki. Akasema mingi iliota ukungu, akaichoma. Halafu akaingia ndani akakaa sana. Alirudi na deki na mikanda minne iliyofungwa kwenye kanga. Ya Rambo wa barafu ilikuwa ya tatu.

Picha ilitetemeka, ikapata mistari, ikakaa. Sandra Bullock akafungua mdomo ndani ya gari na ikatoka Pizza Hut. Nilimtazama binti yangu kwa raha ambayo mzazi hapaswi kuionyesha. Mzee naye bila kuulizwa akasema, "Hoteli ya mkate."

Tukaendelea mpaka mwisho. Pale mwishoni Rambo anambusu yule dada, na nikakumbuka kwamba kule kibandani sikuwahi kuona zaidi ya hapo. Mzee alikuwa na desturi: busu likianza anazima, kwanza kwa sababu ya watoto, pili kwa sababu watu wa awamu ya pili walikuwa wanagonga mabati na mkanda lazima urudishwe nyuma. Safari hii hakuna aliyegonga. Rambo akauliza habari za zile kombe, wakaondoka zao, na majina ya watu yakaanza kupanda, madogo, meupe, yakicheza. Binti akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Alikuwa ameshasoma habari hiyo mahali, anajua anachokitafuta. Akaweka kidole.

Kule kwenye mistari ya majina hawakukumbuka kubadilisha. Imeandikwa Taco Bell.

Mzee akauliza kaona nini. Binti akamsomea. Akafikiri kidogo, kama zamani, kisha akataka kujua hiyo nayo ni hoteli ya nini.